Kilima cha Guratba na Dhahabu Iliyoachwa Kando ya Mto



Watu wengi wakisikia kwamba mahali fulani pameonekana dhahabu, hudhani ya kuwa kesho yake mashine zitafika, mishahara itapatikana, na barabara itatengenezwa. Mambo hayaendi hivyo. Mahali pengi palipoonekana madini hapajapata kuchimbwa, wala hapatachimbwa, na sababu zake si moja. Leo nataka kuwaeleza habari za kilima kimoja tu, kilicho mbali sana na kwetu, kaskazini ya Australia, kando ya mto uitwao South Alligator. Wenyeji wa nchi ile, watu wa kabila la Wajawoyn, hukiita Guratba. Wazungu walikiita Coronation Hill. Ndani yake mna dhahabu, platini na paladi, na hazina hiyo ingali palepale ilipo.

Kwanza niseme neno juu ya majina, maana yote mawili ya kizungu yana kisa. Mto ule uliitwa hivyo na Mwingereza Phillip Parker King, aliyeipima pwani ile mwanzoni mwa karne ya 19. Aliona wanyama wengi majini akadhani ni alligator, mnyama wa Marekani afananaye na mamba. Kumbe walikuwa mamba hasa, jamaa za hawa wetu wa Mto Tana, lakini jina likakaa. Jina la kilima nalo linatugusa sisi kidogo. Binti Mfalme Elizabeth alikuwa hapa Kenya, upande wa Nyeri, baba yake alipofariki tarehe 6 Februari 1952. Alivikwa taji huko London tarehe 2 Juni 1953, na katika mwaka huohuo wataalamu wa mawe wa Serikali ya Australia wakaona urani katika kilima kile. Basi wakakiita Kilima cha Kutawazwa. Wajawoyn walikuwa na jina lao tangu zamani, lakini siku zile hawakuulizwa.

Sasa tuingie ndani ya jiwe lenyewe.

Mawe ya bonde lile ni ya kale kupita fikira. Yaliyo ya chini kabisa yalikuwa tope na mchanga chini ya maji, zaidi ya miaka milioni 1,800 iliyopita. Katika tope lile mlikuwa na mabaki meusi yenye kaboni, kitu kilekile kilichomo katika makaa, na tope lilipogeuka jiwe, weusi ule ulibaki ndani yake. Baadaye ardhi ilikunjwa na kupasuka. Milima ya moto ikatapika, na mawe yaliyoyeyuka yakapenya katika nyufa yakaganda humo. Mwisho, juu ya hayo yote, maji yalitandaza mchanga mwingi mno, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa jiwe la mchanga. Jiwe hilo ndilo lililofanya magenge marefu ya Arnhem Land ambayo wageni husafiri kwenda kuyatazama hata leo.

Hapo pana jambo lililowashangaza wataalamu kwa muda mrefu. Platini kwa kawaida hupatikana katika mawe meusi mazito yaliyotoka chini sana yakiwa moto kama uji. Hivyo ndivyo ilivyo huko Afrika Kusini, katika mawe ya Bushveld, ambako platini huchimbwa kuliko mahali pengine popote duniani. Urani ina tabia nyingine kabisa. Hupenda kusafiri na maji yenye oksijeni, na hujificha katika mawe ya mchanga na katika nyufa. Dhahabu nayo ina njia zake. Kuviona vitu hivi pamoja katika kilima kimoja kidogo ni kama kumkuta mvuvi, mchungaji na mhunzi wamelala katika kitanda kimoja. Mtu hana budi kuuliza ni nani aliyewaleta.

Jawabu ambalo wataalamu wamelifikia, na ambalo naliona kuwa zuri, ni kwamba aliyewaleta ni maji. Si maji ya mto mnaouona leo. Ni maji ya chini ya ardhi, ya zamani sana, yaliyokuwa na moto upatao digrii 140 hivi, yenye chumvi nyingi, yenye ukali wa asidi, na yenye oksijeni. Maji ya namna hiyo yanaweza kuyayeyusha madini ambayo maji ya kawaida hayawezi hata kuyagusa. Chumvi ile hushikamana na chembe za dhahabu, platini na paladi na kuzibeba, kama vile mchukuzi afungavyo mzigo kwa kamba. Na oksijeni huiwezesha urani kusafiri pamoja nao. Maji yakashuka kutoka katika jiwe la mchanga, yakifuata nyufa, mpaka yakayafikia yale mawe ya kale ya chini.

Kule chini mambo yakabadilika. Bila shaka mmepata kuona mtu akitia magadi katika maji ya ndimu: povu huinuka, na ule ukali wa ndimu hupungua. Ndivyo ilivyokuwa. Mawe yaliyotokana na moto yaliyokuwa mle bondeni yana vitu ndani yake vinavyoupunguza ukali wa asidi, na maji yalipoyapita yakapoteza ukali wake. Mahali pengine yalikutana na lile jiwe jeusi lenye kaboni, ambalo huinyang'anya maji oksijeni. Kwa namna zote mbili kamba ya mchukuzi ilikatika, na mzigo ukaanguka palepale. Dhahabu, platini na paladi zilikaa hasa pale ukali ulipopungua, na urani ikapenda kukaa karibu na lile jiwe jeusi. Hiyo ndiyo sababu hazina yenyewe haikuenea nchi nzima. Ilikaa mahali ambapo ufa, jiwe la mchanga na mawe ya kale vilikutana, na mahali pa namna hiyo ni padogo.

Na mto je? Mto haukuleta dhahabu, lakini haukuwa pale kwa bahati tu. Nyufa kubwa za ardhi katika bonde lile zimenyooka kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, na mawe yaliyo katika nyufa yamevunjika-vunjika. Maji ya mvua hutafuta pasipo na nguvu. Kwa mamilioni ya miaka yamelila jiwe la mchanga lililokuwa juu, yakaufuata ufa uleule, na ndivyo bonde lilivyopatikana. Kwa hiyo njia iliyopitisha madini zamani ndiyo iliyokuja kupitisha mto. Wachunguzi wa madini wanajua sana jambo hili, nao hupenda kutembea katika mabonde ya mito, maana mto umekwisha kuwafanyia nusu ya kazi ya kuchimba.

Baada ya mwaka 1953 watu wengi waliingia katika bonde lile wakiwa na vyombo vya kusikilizia miale ya urani. Siku zile urani ilitakiwa sana na mataifa makubwa kwa ajili ya silaha. Kati ya mwaka 1956 na 1964 migodi midogo 13 ilifanya kazi humo, El Sherana, Palette, Rockhole na mingineyo, na Coronation Hill ulikuwa mmoja wao. Yote pamoja ilitoa urani tani mia nane na zaidi. Kisha mikataba ya kununua ikaisha, watu wakaondoka, wakaacha mashimo, vyuma, na mabaki ya mawe yaliyosagwa. Mabaki hayo yalikuwa karibu na maji, na kila masika mvua iliyachimba. Kazi ya kuyakusanya na kuyazika vizuri katika shimo maalum karibu na El Sherana ilimalizika mwaka 2009, yaani miaka 45 baada ya mgodi wa mwisho kufungwa. Nawaomba mwikumbuke hesabu hiyo.

Ilijulikana tangu wakati ule kwamba mawe yenye urani yalikuwa na dhahabu kidogo. Lakini ukubwa wa hazina haukujulikana mpaka miaka ya 1980, makampuni yalipokwenda tena na keekee kubwa za kutoboa mwamba. Keekee hizo hutoa vipande virefu vya jiwe mfano wa muwa, navyo hupelekwa kupimwa inchi kwa inchi. Katika Kakamega mwaka 1931 mtu aliweza kuchota mchanga wa mto katika karai, akautikisa, akaona mng'ao wa dhahabu kwa macho yake. Dhahabu ya Guratba haionekani hivyo. Chembe zake ni laini mno, na mtu angeweza kukaa juu ya jiwe lenyewe akila chakula chake asijue.

Ni kiasi gani basi? Tuseme gramu 5 za dhahabu katika tani moja ya mawe, kwa maana vipimo vilitofautiana kidogo kufuata hesabu ya kila mtu. Tani moja ya mwamba ni bonge lisilofika mita moja kwa urefu, kwa upana wala kwa kimo. Gramu 5 za dhahabu zikikusanywa pamoja zinapata kuwa kama punje moja ya mahindi. Platini na paladi zilikuwa chache kuliko hivyo tena. Msicheke, kwani punje moja kwa tani si haba, na migodi mingi mikubwa ya dunia huishi kwa chini ya hapo. Lakini mawe yenye dhahabu hiyo yalikuwa tani milioni chache tu. Mgodi ungedumu miaka isiyo mingi, kisha ungefungwa.

Ili kuipata ile punje, bonge zima halina budi kuvunjwa na kusagwa mpaka liwe kama unga. Kisha unga huo hutiwa maji yenye sianidi, sumu kali, ambayo huiyeyusha dhahabu na kuitenga. Unga uliobaki hauna mahali pa kwenda. Huwekwa katika bwawa lenye ukuta wa udongo, na ukuta huo lazima usimame, sio wakati mgodi unapofanya kazi tu, bali hata baada ya wenye mgodi kufa na wajukuu wao kuzeeka. Katika nchi ile mvua hunyesha kwa miezi michache tu kwa nguvu nyingi mno, na mto hufurika nchi kavu. Na kule unakoelekea kuna mabwawa na malisho ya ndege maelfu kwa maelfu, katika hifadhi ya Kakadu iliyoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Wahandisi walisema wanaweza kujenga ukuta utakaosimama, na huenda walisema kweli. Lakini watu waliokuwa wamekwisha kuyaona yale mabaki ya urani yakimomonyoka hawakuwa wepesi wa kusadiki.

Nimekwisha kusema juu ya jiwe na maji. Wako na wenye nchi.

Wajawoyn husema kwamba nchi ile ya mto wa juu ni makazi ya Bula, aliyeiumba nchi, naye baada ya kazi yake aliingia chini ya ardhi na angali humo. Nchi hiyo huitwa nchi ya ugonjwa. Mtu asiyehusika asitembee ovyo humo, wala mawe yake yasichimbwe, maana Bula akisumbuliwa ardhi itatikisika, na maafa yatawapata watu, sio Wajawoyn peke yao. Mengine zaidi ya hayo hawayasemi hadharani, wala si kazi yangu kuyabuni. Baadhi ya wasikilizaji watatabasamu. Lakini mtu anayejua kwamba mawe ya pale yana urani, na kwamba urani hutoa miale idhuruyo mwili, hatatabasamu kwa haraka. Sisemi kwamba wazee wale walijua urani. Nasema kwamba walikuwa wameishi katika nchi ile muda mrefu kupita sisi tunavyoweza kuhesabu, nao walikuwa na sheria juu yake.

Si Wajawoyn wote waliokuwa na neno moja. Walikuwako waliotaka kazi na fedha, na haja yao ilikuwa ya haki, kwa kuwa umaskini wao ulikuwa mkubwa. Lakini wazee waliokuwa na amana ya mahali pale walikataa, nao hawakubadilika.

Hapa Kenya tunalo jambo la kulinganisha. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya akiba ya Waafrika haitatwaliwa pasipo kupewa ardhi nyingine ya kadiri ileile, na baraza la wenyeji kuulizwa kwanza. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, sheria ikabadilishwa mwezi wa Desemba 1932, ardhi ikaweza kutwaliwa kwa kulipa fedha, na lile sharti la kuuliza kwanza likaondolewa. Huko Australia mwaka 1989 Serikali ilichagua njia nyingine. Iliunda Tume ya kupima mambo ya mali ya asili, mwenyekiti wake Jaji Donald Stewart, nayo ikapewa kazi ya kuchunguza ardhi ile kabla ya neno kukatwa. Tume ikasikiliza makampuni, wataalamu wa samaki na ndege, watu wa elimu ya mila, na Wajawoyn wenyewe.

Walijaribu hata jambo la ajabu. Waliwauliza wananchi wa Australia, ambao wengi wao hawajapata kuuona mto ule, kila mmoja angekuwa radhi kutoa fedha ngapi kwa mwaka ili bonde lisichimbwe. Majibu yalipojumlishwa yakawa makubwa mno, wachumi wakagombana, wengine wakasema ni rahisi mtu kutoa fedha ambazo hataombwa kamwe. Tume haikuutegemea uchunguzi huo katika shauri lake. Mimi naona wachumi wale walikuwa na haki kwa sehemu, ingawa kuuliza kwenyewe hakukuwa upuuzi.

Mwaka 1991 Tume ilitoa maneno yake, na ni maneno ya watu waangalifu. Ilisema kwamba mgodi mmoja, ukisimamiwa vizuri, ungeiharibu nchi kwa kiasi kidogo na katika eneo dogo, ingawa hatari haikosekani kabisa. Lakini ikasema pia kwamba kuchimba kungekuwa kinyume cha mapenzi ya wazee wenye amana, na kwamba madhara yatakayowapata Wajawoyn hayawezi kutiwa katika mizani pamoja na dhahabu. Kwa maneno mengine, mafundi walisema inawezekana, na wenye nchi walisema haifai. Serikali ilibaki na shauri mkononi.

Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Bob Hawke. Wengi katika mawaziri wake walitaka ruhusa itolewe, maana hali ya uchumi ilikuwa mbaya. Hawke alishikilia kwamba wazee wasikilizwe. Amesimulia baadaye jinsi alivyowakemea wenzake walioidharau imani ya Wajawoyn hali wao wenyewe, katika makanisa yao, wanasadiki mambo yasiyopimwa kwa rula. Mwezi wa Juni 1991 ilitangazwa kwamba Guratba haitachimbwa, na eneo likaunganishwa na Kakadu. Miezi sita baadaye Hawke aliondolewa na chama chake mwenyewe. Sababu zilikuwa nyingi, lakini watu wa siasa hukitaja kilima kile miongoni mwake.

Kesi haikuishia hapo. Kampuni ya Newcrest, iliyokuwa na hati za kuchimba, ilikwenda mahakamani, na mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba kuipanua hifadhi juu ya hati zile kulikuwa ni kutwaa mali ya mtu, na katiba hairuhusu mali kutwaliwa pasipo masharti ya haki. Kwa hiyo Serikali inaweza kuamua kwamba jiwe libaki ardhini, lakini aliyepewa hati halali ana haki ya kudai. Neno hilo "halali" lina uzito. Katika Mrima, Kwale, kilima chenye niobi na chenye msitu wa kaya ya Wadigo, Serikali yetu iliifuta hati ya kampuni moja mwaka 2013. Kampuni ikashtaki mbele ya baraza la kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa sababu hati yenyewe ilikuwa imetolewa bila uchunguzi wa mazingira uliotakiwa na sheria. Mambo mawili yanayofanana kwa nje, lakini hukumu mbili mbalimbali.

Katika miaka ya 1990 iliyofuata Wajawoyn walipata hati ya ardhi ile ya mto wa juu, nao wameikodisha ili iendelee kuwa hifadhi. Wataalamu wa mawe hawakukiacha kilima. Vile vipande mfano wa muwa vilivyotolewa na keekee vimechunguzwa sana, na ndivyo vilivyotufunulia habari za yale maji ya moto niliyowaeleza.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kilima kiko kando ya mto, je, mto hautaichukua dhahabu yote hatimaye, ikapotea bure? Utaichukua, lakini si kwa haraka. Maji ya masika huukwangua mwamba kidogo sana, na chembe za dhahabu ile ni laini hata hazijikusanyi mchangani kama zile za Kakamega. Zinakwenda na tope, moja moja, kuelekea baharini. Hazina iliyotungwa na maji kwa muda mrefu hivyo itahitaji muda mrefu vilevile kumalizwa na maji.